Maneno ya Kujazia

"Siku yangu imekuwa nzuri, mama. Pole na kazi. Njoo upumzishe mifupa."

Sauti ilikuwa ile ile ya kila alasiri, nyororo, ya mtoto aliyelelewa akaleleka. Ilitoka kwenye kisemeo, kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati kilichobandikwa nyuma ya sikio la Yusta. Yusta mwenyewe, miaka saba, alikuwa amejikunyata kati ya kabati na ukuta, meno ameyazamisha kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, na damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Felista Mkumbo alisimama mlangoni, kofia ya kazi bado iko kichwani. Alikuwa amempokea mwanawe kutoka gari la shule dakika kumi tu zilizopita, akamwacha ndani akaenda kurudisha mkanda wa kupandia stoo. Huko nje mafundi walikuwa wanajaribu king'ora kipya cha mnara wa upepo namba kumi na moja, na mlio wake ulikuwa unatetemesha vikombe mezani.

"Yusta! Achia! Achia mkono, mwanangu!"

"Nipo salama, mama," kisemeo kikajibu. "Umekula?"

King'ora kilipokoma, meno yakaachia yenyewe. Felista alimkalisha mtoto kwenye kigoda cha jikoni, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi, na wakati wote huo ile sauti ilikuwa inamshukuru kwa adabu zote, ahsante mama, ahsante sana mama, utadhani anaongezewa chai. Mkono alioushika ulikuwa umekakamaa. Alitazama uso wa mwanawe, akasikiliza maneno, akautazama tena uso. Havikuwa vya mtu mmoja. Ndipo alipoanza kukiogopa kitu kile kilichokuwa kinamwita mama.

Ili tusimwonee Felista, yafaa kusema kisemeo kilimkuta katika hali gani. Miaka miwili nyuma daktari alitamka neno usonji, akampa kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka, akamwandikisha kwenye foleni ya vifaa. Mumewe, Philipo, hakuondoka kwa siku moja. Aliondoka kwa mafungu: kwanza akahamia zamu za Dodoma, kisha zikaondoka nguo, kisha redio, mwisho simu zake zikawa za sikukuu. Mama mkwe, Bibi Anjelina, alisema tu kwamba katika ukoo wao hawajapata kuona mtoto wa namna hiyo, akaacha kuja. Wake wa mafundi pale kambini walikuwa wema, ila wema wao ulikuwa wa kupungia mkono kwa mbali. Felista akabaki na minara thelathini na sita ya upepo, tambarare ya mawe ya Singida, na mtoto asiyegeuka akiitwa. Kazi yake ilikuwa kupanda mita mia na ishirini kwenda juu kukagua mapanga yanayozungushwa na upepo. Huko juu upepo ulimpigia kelele masikioni, na akishuka alikuta nyumba imenyamaza kabisa. Alianza kuongea na sufuria. Hilo hakumwambia mtu yeyote.

Kisha kikaja kisemeo. Waliomfungia walimweleza kwamba mtu akikusudia kusema, hata asipofumbua kinywa, misuli ya koo hujiandaa, na kidude hunasa maandalizi hayo na kuyatamka. Siku kilipowashwa kilisema, "Shikamoo, mama," na Felista akaketi sakafuni pale pale katika ofisi za watu, akalia mpaka akaletewa maji. Ndani ya wiki mbili Yusta alipata nafasi katika shule ya kawaida. Ndani ya mwezi Bibi Anjelina akawa anapiga simu kila Jumapili ili asalimiwe. Na kila alasiri, Felista akiingia mlangoni, kulikuwa na mtu wa kumwambia pole na kazi. Miezi minane aliishi hivyo, na alikuwa na furaha, tusimnyime haki yake.

*

Kituo cha kutunza visemeo kilikuwa mjini, juu ya duka la mbegu za alizeti. Fundi aliitwa Hango, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kikombe cha chai kisichokwisha. Alianza kwa kumsalimia mtoto.

"Shikamoo, mjomba," kisemeo kikasema. Yusta alikuwa amempa mgongo, anapapasa pindo la pazia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mama Yusta. Kinasumbua?"

"Hakisumbui, na hiyo ndiyo shida yenyewe." Felista akainua mkono wa Yusta wenye bandeji. "Alikuwa anajitafuna, huku kinaniambia siku yake imekuwa nzuri. Nataka kujua nani aliyesema hivyo."

Hango akaweka kikombe chini. Ilionekana alishaulizwa swali hilo kabla, ila si mara nyingi. Alisogeza kidude kingine kidogo, cha kusomea, karibu na sikio la mtoto bila kumgusa, na maneno yote ya siku zilizopita yakajipanga kwenye kioo cha mezani, mstari kwa mstari. Yaliyoonekana yote yalikuwa ya kijivu.

"Ya kijani ni ya mtoto," alisema. "Ya kijivu ni ya kujazia."

"Kujazia nini?"

"Ishara ikiwa dhaifu, kifaa hakikai kimya, mama. Watu hawawezi kukaa na mtu aliye kimya, unajua mwenyewe. Kwa hiyo kinakadiria mtoto huyu angesema nini, kinajaza. Imeandikwa kwenye fomu, ukurasa wa tisa."

"Ya kijani yako wapi?"

Alishuka chini, akashuka zaidi. Jana hapakuwa na hata moja. Juzi lilikuwapo moja, peke yake katikati ya kijivu. Neno lenyewe lilikuwa "sitaki", na kisemeo hakikuliacha hivyo. Kilikuwa kimelimalizia: "Sitaki uchoke, mama."

Felista aliikumbuka juzi hiyo. Alikuwa anamvalisha Yusta gauni la kola kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Aliposikia maneno yale alimbusu kwenye paji la uso, akafunga vifungo vyote mpaka juu.

"Na haya ya kujazia kinayatoa wapi?" aliuliza. "Kinaokota kwa watoto wengine?"

"Hapana. Kila mtoto ana yake. Tunamjua mtoto kupitia kwa mzazi." Hango akafungua ukurasa mwingine. Ulikuwa na jina la Felista Mkumbo, sahihi yake, na maswali mia mbili.

Alikumbuka. Mwanamke mmoja wa serikali alikuja kambini na kishikwambi chake, na Felista akafanya alivyofanya mama yake kila alipokuja mgeni wa serikali: sakafu ikapigwa deki mara mbili, kitambaa cha meza kikatolewa kabatini, kiti kibovu kikafichwa chumbani, mtoto akavishwa gauni la kanisani. Mgeni akaanza kuuliza hata chai haijapoa. Mtoto akiitwa chakula, hujibu nini? Sasa wewe, umeketi mbele ya mtu usiyemjua, ana kalamu, ana koti la ofisi, utamwambia mtoto wako hajibu kitu? Utamvua mwanao nguo mbele za watu? Felista alijibu kama anavyojibu mtoto aliyefundwa. Hujibu, nakuja mama, ahsante. Na akiona mgeni? Huamkia. Na akikemewa? Huomba radhi. Mia mbili yote aliyajibu hivyo, moja baada ya jingine, mgongo umenyooka, na yule mwanamke aliandika kila neno.

Swali la mia na kumi na nne: mzazi akirudi kazini, mtoto husema nini? Jibu: pole na kazi, njoo upumzishe mifupa. Hayo yalikuwa maneno ya marehemu mama yake Felista, akimwambia marehemu baba yake, katika nyumba ambayo sasa haipo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeyajua ila Felista.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Muda wote huu nilikuwa..."

"Hauko peke yako, mama. Fomu nyingi ziko hivi." Hango alikuna shingo, akaona aibu kidogo. "Watoto wa mkoa huu wote wanaongea kwa adabu kweli kweli."

Alimweleza kwamba kujazia kunaweza kupunguzwa. Kuna nusu, kuna sifuri. Ila sifuri ilikuwa na mambo yake. Kompyuta ya shule ilikuwa inahesabu maneno ya kila mtoto, na mwenye chini ya mia tatu kwa siku, kwa siku kumi mfululizo, alitolewa darasani. Akitolewa, ni bweni la Dodoma, au akae nyumbani na mzazi wake. Na mzazi wa kukaa nyumbani hapandi mnara, na asiyepanda mnara hapewi nyumba ya kambini.

"Shule wanajua kuwa si maneno yake?"

"Wanahesabu maneno, mama Yusta. Hawaulizi ni ya nani."

"Ukiweka nusu, nitajuaje lipi lake na lipi langu?"

"Hutajua."

Hakumshauri kitu. Alimfungulia tu sehemu ya kupunguza kwenye simu ya Felista, akamwonyesha pa kugusa, na alipomaliza alichukua kikombe chake akakikuta kimepoa.

*

Nyumbani Felista aliketi sakafuni mbele ya mwanawe, magoti kwa magoti. Yusta alikuwa anapanga vizibo vya chupa kwa ukubwa.

"Yusta, mama anakuuliza. Unataka nikizime hiki?"

"Vyovyote utakavyo, mama. Wewe ndiye unayejua."

Swali la sitini na tatu. Felista alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Hapakuwa na njia ya kumuuliza. Kwenye mlango pekee wa kumfikia mtoto huyu alikuwa amesimama yeye mwenyewe, na kila alipobisha hodi alijiitikia.

Akaanza kuyakumbuka mengine, na hilo lilikuwa baya zaidi. Sauti ilisema napenda kwaya, akampeleka kwaya miezi sita, akakaa kwenye benchi la nyuma anajivuna. Sauti ilisema maharage ni matamu, akamsukumia kijiko. Sauti ilisema nakuja mama, na mtoto asije, na Felista mara mbili alimchapa kwa kusema uongo. Mara mbili. Alikumbuka siku zote mbili, na kandambili aliyotumia. Alimwadhibu mtoto kwa maneno aliyoyatamka yeye mama.

Na bado, usimdhanie malaika, hakukizima. Jumatano ilipita. Alhamisi alishuka mnarani viganja vimechubuka, akapita njia ndefu ili asikutane na mtu, na alipofika mlangoni alisimama makusudi, akangoja. Pole na kazi. Njoo upumzishe mifupa. Alijua ni nani anayesema, alijua namba ya swali, na yakampoza vile vile. Alifikiri, nani anaumia? Shule imeridhika, bibi ameridhika, mimi mwenyewe ninafarijika. Kuna ndoa ngapi zinazokwenda kwa maneno ya kujazia, na watu wanazeeka humo salama.

Ijumaa aliingia, na sauti ilipoanza, mdomo wake ukaifuata. Walisema pamoja, yeye na kidude, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akageuka, na Yusta alikuwa amesimama kati ya kabati na ukuta, viganja viwili ameziba masikio kwa nguvu zake zote, macho ameyafumba. Alikuwa anajikinga na sauti iliyofungwa kichwani mwake mwenyewe, na hakuwa na pa kukimbilia.

Felista alitoa simu akagusa pale alipoonyeshwa. Nusu ikapita, robo ikapita, ikafika sifuri. Kisha akaketi mezani, asijue afanye nini na mikono yake.

*

Jumamosi nzima hapakuwa na neno. Alikuwa amesahau jinsi ukimya wa nyumba ile ulivyo mzito. Alisikia friji. Alisikia kucha za Yusta zikikwaruza vizibo. Aliomba likizo yake ya siku kumi, msimamizi akaandika sawa bila kuuliza sababu, na Felista aliona kwamba hata hilo lilimuuma.

Jumapili, baada ya ibada, uso wa Bibi Anjelina ukajaa kwenye simu, amevaa kilemba chake cha kwenda kanisani.

"Mbona mjukuu wangu haniamkii leo? Mwambie bibi yake yuko hapa."

"Haamkii, mama."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Hajawahi kukuamkia. Nilikuwa mimi."

Alimweleza yote, fomu, maswali, ya kijani na ya kijivu. Mama mkwe alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Felista aolewe. Kilemba kilikuwa kimeanza kulegea upande mmoja, asikishike.

"Hata yale ya kwamba ananiota?"

"Hata hayo."

"Na ya kwamba mikono yangu ndiyo inapika vizuri?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

Felista alijikaza, akingoja matusi. Hayakuja. Bibi Anjelina alitazama pembeni, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba.

"Kirudishe, Felista."

"Mama..."

"Mimi mzee, nakaa peke yangu na kuku. Naingoja Jumapili kama mgonjwa anavyongoja dawa. Kama ni wewe, basi ni wewe. Mbona nawe ni mwanangu? Kirudishe tu, tuendelee hivyo."

Hakuwa amewahi kumwita mwanangu, siku hata moja. Felista alilisikia neno lile likimwingia, na angetoa chochote alicho nacho ili aweze kulijibu vizuri. Alitaka kusema ndiyo. Kidole chake kilikuwa juu ya simu ile ile, na sehemu ya kupandisha ilikuwa hapo hapo, mguso mmoja.

"Anaziba masikio, mama," alisema. "Kikiongea, anaziba masikio."

Uso wa Bibi Anjelina ukatoweka, na Felista hakujua kama amekata kwa hasira au amekata ili alie. Alijaribu kupiga mara tatu. Haikupokelewa.

*

Jumanne, saa nne asubuhi, ujumbe wa shule uliingia. Jumatatu, maneno sifuri. Siku ya kwanza kati ya kumi. Shule inamkumbusha mzazi kuhakikisha kifaa cha mtoto kinafanya kazi. Jana yake, Yusta aliporudi, mwalimu alikuwa ameambatanisha karatasi yenye alama ya kuuliza tu, kubwa, ya kalamu nyekundu. Leo Felista hakumpeleka. Alimwacha atoke nje kwa hiari yake, akamfuata nyuma kwa hatua chache.

Yusta alikwenda nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo kivuli cha mnara namba kumi na moja hulala chini asubuhi. Mapanga yalikuwa yanazunguka taratibu, na vivuli vyake vilikuwa vinafagia changarawe, kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Kila kivuli kilipofika miguuni pake, Yusta aliinua mguu mmoja, akakipisha, akaurudisha chini. Hakukosea hata mara moja. Hakuwa anatazama juu. Felista amefanya kazi na mapanga yale miaka tisa, anajua uzito wa kila moja na nyufa zake, na hakuwahi kujua kwamba mwanawe ana shughuli nayo.

Alisimama akatazama mpaka jua likaanza kumchoma utosini. Akahesabu siku kichwani, tisa zilizobaki, na baada ya hizo tisa akaona giza tu: Dodoma, au nyumba nyingine isiyojulikana iko wapi, na kazi nyingine asiyoijua. Hakuwa na wa kumuuliza. Alichoka ghafla. Akataka waingie ndani, wanywe uji, mlango ufungwe.

"Yusta, jua kali. Twende."

Mtoto aliinua mguu, akapisha kivuli.

"Twende, mwanangu." Felista akasogea, akanyoosha mkono kumshika begani, kama alivyokuwa anamshika siku zote, kumgeuza na kumpeleka.

"Bado."

Mkono ukabaki hewani. Sauti ilikuwa ile ile ya kifaa, lakini haikuwa na mama mbele wala ahsante nyuma. Yusta hakugeuka. Felista alitoa simu mfukoni, akafungua orodha ya maneno. Siku tatu zilikuwa nyeupe tupu. Juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja wenye neno moja, na ulikuwa wa kijani.

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa shati asije akapiga kwikwi, maana mtoto alikuwa ana kazi. Haikuwa shikamoo, wala nakupenda. Alikuwa amekataliwa jambo dogo, saa nne asubuhi, nyuma ya tangi la maji, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Philipo aondoke kujibiwa na mtu mwingine katika nyumba yake.

"Haya," akasema.

Akaurudisha mkono, akaketi kwenye changarawe ya moto hatua mbili kutoka kwa mwanawe, akangoja kama alivyoambiwa.